Kijito kimeingia shimoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashimo yanayomeza maji, Malindi na jirani zake

Kila masika vijito vinapoanza kushuka kutoka vilima vya mchanga mwekundu, maswali haya huanza upya. Huulizwa na wanafunzi waliokuja Gede kwa ziara, wenye mashamba, mafundi wa visima, akina mama wanaoteka maji, na watu waliotoka bara wakanunua ploti mwaka huu huu. Tumeyakusanya yale yanayorudi sana. Yanayohusu taka, vyoo na visima tumeyajibu kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo afya za watu zilipo.

Shimo linalomeza kijito ni kitu gani hasa?

Ni mahali ambapo maji yanayotiririka juu ya ardhi hufika, huingia chini, na hayaonekani tena. Si lazima liwe kubwa. Pengine ni ufa wa kupitisha mkono tu chini ya mizizi ya mkuyu. Pengine ni bonde dogo la mviringo lililojaa majani makavu, na katikati yake pana tundu jeusi linalotoa hewa baridi. Wakati wa kiangazi unaweza kulipita kila siku usilijue. Mvua kubwa ikinyesha, utalisikia kabla hujaliona.

Dalili yake kubwa ni mkondo mkavu wenye kokoto na vijiti vya mafuriko, ambao unakwenda vizuri kisha unaishia ghafla bila kufika mto mwingine wala bahari. Ukiona mkondo wa namna hiyo, simama hapo na utazame chini kwa makini, tena kwa umbali.

Kwa nini maji yaingie chini badala ya kwenda baharini kama mito mingine?

Kwa sababu jiwe la chini linayeyuka. Mvua ikishuka hubeba kiasi kidogo cha kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza hubeba nyingi zaidi, na maji hugeuka kuwa asidi nyepesi sana. Ukiyanywa hutasikia ukali wowote, lakini jiwe la chokaa linausikia. Maji hupenya kwenye nyufa, hulila jiwe pole pole, na kuondoka nalo likiwa limeyeyuka ndani yake. Ndiyo maana sufuria na birika za huku hufanya ukoko mweupe: lile ni jiwe lile lile, limerudi kuwa jiwe baada ya maji kuchemka.

Kazi hii ni ya taratibu mno. Uso wa jiwe hupungua milimita chache tu kwa miaka mia moja. Lakini ufa ukishapanuka kiasi cha maji kupita kwa kasi, maji mengi huvutwa hapo, na kadiri yanavyovutwa ndivyo ufa unavyozidi kupanuka. Nyufa za jirani hubaki nyembamba. Ule mmoja hugeuka mlango. Halafu kijito kizima huufuata.

Huku kwetu mpangilio wa ardhi unasaidia sana. Nyuma ya Malindi kuna vilima vya mchanga mwekundu na udongo ambao, mvua ikizidi, haupitishi maji haraka, kwa hiyo vijito hujikusanya juu. Vikishuka na kufika ukanda wa mawe ya chokaa, safari ya juu huisha.

Lakini mawe ya Malindi ni matumbawe. Hayo nayo ni chokaa?

Ndiyo. Yeyote aliyewahi kuona tanuu ikichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea anajua jibu. Matumbawe hujenga nyumba zake kwa madini yale yale yaliyomo kwenye makombe na kwenye mawe ya chokaa ya kale.

Tuna chokaa za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kale iko bara kidogo, katika ukanda unaopita Kambe, Jaribuni na vilima vya Dzitsoni. Hiyo iliwekwa chini ya bahari enzi za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ni jiwe gumu, lenye mapango marefu. Ya pili ni changa: ni ule ukanda wa matumbawe unaofuata pwani, ambao juu yake zimejengwa Malindi, Watamu na mji wa kale wa Gede. Ndiyo inayokatwa matofali kwenye matimbo.

Hadithi ya hii changa inafaa kujulikana na kila mtoto wa pwani. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe hai yakakua mahali ambapo leo pana misikiti, makanisa na viwanja vya mpira. Kisha dunia ikaingia baridi kuu, maji mengi yakaganda kaskazini na kusini, na kiasi cha miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka mita 120 hivi chini ya usawa wa sasa. Matumbawe yakabaki juu yakinyeshewa. Maji ya mvua yakatoboa njia zake kwenda chini, yakiufuata usawa ule wa bahari iliyoondoka. Bahari iliporudi, njia za chini zikajaa maji, ila milango ya juu ikabaki wazi. Mashimo mengi tunayoyaona leo ni milango hiyo.

Na Marafa? Lile bonde la Nyari ni shimo la aina hii?

Hapana. Nyari ni mchanga na udongo uliochongwa na mvua kutoka juu. Maji yake hukimbia wazi, hayamezwi. Ni pazuri mno na panastahili kutembelewa, lakini ni kazi nyingine kabisa ya maji.

Mbona kutoka Sabaki hadi Mida hatuna mto wa kudumu unaoingia baharini?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wenye ramani mkononi, na ni swali zuri kuliko yote. Mvua tunapata. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, uko hapo hapo nyuma. Maji yanakwenda wapi?

Yanakwenda chini. Sabaki yenyewe hufika baharini kwa sababu ni mto mkubwa unaoletwa na maji ya bara. Ndio huo huo Athi na Galana, umebadilisha jina njiani, na umechonga bonde lake mpaka mwisho. Vijito vidogo havina nguvu hiyo. Vingine hunywewa na mchanga, vingine huishia kwenye vidimbwi, na vingine humezwa na mashimo.

Basi hayo maji yanatokea wapi?

Mengi hutokea baharini, mahali ambapo hatuyaoni. Tazama Hori ya Mida. Hakuna mto unaoingia mle, na bado mikoko imestawi. Watafiti walioipima hori hiyo miaka ya 1990 walieleza kwamba maji matamu huingia kwa chini, yakitoka ndani ya ardhi. Mvuvi wa Mida au wa Dabaso hahitaji kuelezwa na mtafiti: bamvua ikipwa sana, utaona vijichirizi vikitoka chini ya mwamba ufukoni. Onja, si chumvi ya bahari.

Sehemu nyingine ya maji hayo hutokea ndani ya ndoo yako. Visima vyote vya ukanda wa matumbawe huchota kwenye maji yale yale. Yaliyoingia shimoni nyuma ya shamba na unayoteka asubuhi ni maji mamoja yaliyotenganishwa na muda tu, na muda wenyewe unaweza kuwa mfupi kuliko unavyodhani.

Duniani kuna mifano mikubwa zaidi. Ulio karibu nasi ni Sof Omar, kule Bale nchini Ethiopia, ambako Mto Weyib unaingia kwenye mlima wa chokaa, unapita gizani kwenye mapango yenye jina la sheikh anayeheshimiwa na Waislamu wa huko, kisha unatoka upande wa pili. Maji hayo huendelea mpaka Mto Juba, na Juba huingia Bahari ya Hindi jirani na Kismayu. Ndugu zetu Wabajuni wanaolifahamu vizuri lile wimbi la Kismayu pengine hawajui kwamba baadhi ya maji yale yamepita tumboni mwa mlima. Na Waitaliano wa Malindi watawaeleza habari za Timavo: mto uitwao Reka unazama kwenye mapango ya Škocjan nchini Slovenia, unapotea zaidi ya kilomita 30, na unaibuka karibu na bahari upande wa Italia ukiwa na jina jingine.

Kwa ulinganisho wa nyumbani, Unguja pia ina vijito vinavyotoka kwenye vilima na kupotelea kwenye mawe ya matumbawe. Hatuko peke yetu.

Mtu anawezaje kujua kwamba maji ya shimo hili ndiyo yanayotokea kule?

Kwa kuyatia alama. Wakulima wa nchi nyingi walijaribu zamani kwa kutupa makapi ya nafaka shimoni na kungoja chemchemini. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu makapi hunasa kwenye nyufa ingawa maji yamepita.

Jaribio lililofungua macho ya wataalamu lilifanyika Ujerumani mwaka 1877. Mto Danube hupoteza maji yake kwenye kitanda chake karibu na Immendingen, na kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi kama maji hayo ndiyo yanayoibuka kwenye chemchemi ya Aach, kilomita 12 hivi kutoka hapo. Wakamwaga mtoni kilo 10 za rangi ya floreseini, tani 20 za chumvi, na kilo 1,200 za mafuta ya mawe. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ikatoka maji ya kijani yanayong'aa. Piga hesabu: ni kama mita 200 kwa saa. Maji ndani ya mchanga huchukua siku nzima kusogea mita chache, mara nyingi hata mita moja hayafiki.

Siku hizi wataalamu hutumia kiasi kidogo sana cha rangi, kisichoonekana kwa macho, na vifaa vya kukipima. Tafadhali usijaribu mwenyewe kwa rangi ya nguo au rangi ya nyumba. Hujui ni kisima cha nani utakachokichafua, na jaribio lolote la namna hiyo linatakiwa lijulikane mapema na wenye visima na ofisi za maji.

Maji yaliyopita chini ya mwamba si yameshachujwa?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo tungependa kila nyumba ilijue.

Mchanga huchuja. Maji yakipita polepole kati ya chembe na chembe, uchafu hubaki nyuma kama vile kifumbu kinavyozuia machicha na kupitisha tui. Ndani ya jiwe la chokaa lenye njia wazi hakuna chembe wala kizuizi. Maji huingia na kinyesi, na hutoka nacho. Yanaweza kuwa maangavu kabisa, baridi, matamu mdomoni, na bado yana vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu.

Mfano unaotumika sana ni wa mji wa Walkerton nchini Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa iliosha samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha mji, katika mwamba wenye nyufa wa jamii hii hii ya chokaa, na dawa ya kutibu maji haikuwekwa ipasavyo. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua. Huo ulikuwa mji wa nchi tajiri, wenye mabomba na maabara. Sisi tunaoteka kwa kamba na ndoo tuna haki ya kuwa waangalifu zaidi.

Kwa hiyo: maji ya kisima cha ukanda wa matumbawe yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kama yana tope, yaache yatulie kwanza na uyapitishe kwenye kitambaa safi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Siku za hatari kuliko zote ni zile za mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi, wakati kila kilichotupwa kwa miezi kadhaa kinasukumwa chini kwa mkupuo. Ukiona maji ya kisima yamebadilika rangi saa chache baada ya mvua, basi kisima chako kimeunganishwa na shimo fulani. Hilo limekwisha kujieleza lenyewe.

Kuna shimo shambani kwangu. Naweza kulitumia kutupia taka?

Usitupe. Tunasema hivi tukijua kwamba wengi wanatupa, na tunajua sababu: gari la taka halifiki, shimo liko pale pale, na linameza kila kitu bila kulalamika. Tumeyaona mashimo yenye nepi, chupa za dawa za kunyunyizia mimea, betri, mafuta machafu ya jenereta na ya bodaboda, mizoga ya mbuzi. Kila kitu kinachotoweka machoni pako kimeingia kwenye maji ya jirani, na jirani huyo pengine ni shangazi yako upande wa pili wa barabara. Mafuta na dawa za shamba ni vibaya zaidi kuliko kinyesi, kwa sababu haviondoki kwa kuchemsha.

Kama shimo lako tayari limejaa taka, kiangazi ndio wakati wa kulisafisha. Kusanyeni watu, msiingie ndani kabisa (tazama swali la usalama hapo chini), vuteni kinachofikika kwa kulabu na kamba. Vitu vya sumu vitengwe, visichomwe pale pale mdomoni mwa shimo, maana majivu nayo yataoshwa ndani.

Baada ya hapo zungushia ua. Minyaa inatosha, hukua haraka na mbuzi hawaili. Acha ukanda wa nyasi na vichaka upana wa hatua ishirini au thelathini kulizunguka, usiulime wala kuutilia mbolea. Nyasi hizo hupunguza kasi ya maji na kushika udongo. Ng'ombe wasinyweshwe hapo. Pampu ya dawa isioshwe hapo.

Basi nilifukie kabisa, nimalize hofu?

Ukilifukia kwa udongo, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, mvua kubwa kama zile za El Niño mwaka 1997 au za mwishoni mwa 2023 zikija, maji yanayotakiwa kushuka hayana pa kwenda. Yatarudi nyuma na kujaa kwenye nyumba na mashamba. La pili, maji yatatafuta mlango mwingine, na hujui utafunguka wapi. Inawezekana ni chini ya barabara.

Kama shimo ni hatari kwa watoto au mifugo na lazima lizibwe, fundi anayejua huanza na mawe makubwa chini, juu yake madogo zaidi, kisha kokoto, kisha mchanga, ili maji yaendelee kupita lakini udongo na watu wasizame. Kumwaga tope na vifusi tu si kuziba.

Choo kiwe umbali gani na kisima?

Kanuni inayotajwa kwa kawaida ni mita 30, na chini ya choo kuwe na angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji. Kanuni hiyo inafaa mahali penye mchanga au udongo. Kwenye mwamba wa matumbawe wenye nyufa, mita 30 zinaweza kupitwa kwa muda wa chakula cha mchana. Mafundi wengine hufurahi wakichimba shimo la choo na kukuta ufa, kwa sababu choo hicho hakijai kamwe. Choo kisichojaa ni habari mbaya. Maana yake kinamwagikia mahali.

Ukiweza, jenga choo chenye tangi lililosilibwa, au choo kilichoinuliwa juu ya ardhi. Kama uwezo ni wa shimo tu, chimba fupi, lipake, na liwe upande wa baharini wa kisima, kwa sababu maji ya chini kwa jumla huelekea baharini.

Kisima changu kimeanza kuwa na chumvi. Ni shimo lililoleta?

Kwa kawaida ni pampu. Maji matamu ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo ndani ya mwamba, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini yake. Hesabu hiyo inakwenda upande wa pili pia: ukishusha maji kisimani kwa sentimita 10, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 4. Kwa hiyo kisima kirefu chenye pampu kubwa karibu na ufuko huharibika, na huharibu vya jirani. Teka kidogo kidogo, usichimbe chini zaidi ukidhani utapata matamu. Mashimo kwa kweli yanasaidia hapa, maana ndiyo yanayorudisha mvua chini haraka. Ukiyaziba, unapunguza maji matamu.

Gede inafundisha. James Kirkman aliyechimbua mji huo kuanzia 1948 hadi 1958, na waliomfuata, wametaja kushuka kwa maji visimani miongoni mwa sababu za watu kuuhama katika karne ya 17, pamoja na vita na mashambulizi. Simama kwenye vile visima vya mawe, utazame chini, utaona ni mji uliotegemea kabisa kile kilichoingia ardhini. Tunafurahi kwamba mwaka 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Visima vyake vinastahili heshima hiyo sawa na misikiti yake.

Na Lamu je? Hali ni hii hii?

Nusu ni hii, nusu ni nyingine. Kisiwa cha Lamu kinaishi kwa vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huingia mchangani, huchujwa, na hukaa chini kama akiba ambayo visima vya Shela huupelekea mji. Hakuna mashimo ya kumeza hapo, na kwa hiyo maji yake yamekuwa salama zaidi, mradi mchanga usichotwe na usijengewe. Ng'ambo ya mkondo, Manda ni mwamba wa matumbawe, na tatizo la maji ya chumvi linajulikana tangu enzi za Takwa, mji ambao watu wake walihama na kizazi chao kinahesabiwa Shela hadi leo. Visiwa vya Lamu Mashariki vilijibu tatizo hilo kwa akili: jabia, yaani birika kubwa lenye sakafu pana iliyosilibwa ili kukusanya mvua. Malindi tungefanya vyema kuiga. Paa la mabati na tangi zuri vitakupa maji ambayo hayajapita shimoni kwa mtu yeyote.

Wazee wanasema mashimo haya yana wenyewe. Mnasemaje?

Tunasema ingia kwa adabu. Mapango na mashimo mengi ya pwani ni mahali pa ibada na matambiko. Utakuta vitambaa, marashi, chetezo, vyungu. Makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yameingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, yamehifadhi misitu na vyanzo vya maji kwa makatazo ambayo hakuna askari angeweza kuyasimamia. Mahali palipokatazwa kukata mti na kutupa uchafu ndipo maji yalipobaki safi. Usiguse kilichowekwa, uliza wenyeji kabla, na usipige picha watu wakiwa katika dua zao.

Tena kuna heshima nyingine. Katika pango la Panga ya Saidi, kwenye ile chokaa ya kale ya kaunti yetu ya Kilifi, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao walikuta kaburi la mtoto wa umri wa miaka kama mitatu, aliyelazwa kwa upande, magoti yamekunjwa. Wakamwita Mtoto. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021: amelala hapo miaka kama 78,000, na ni maziko ya kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika. Aliyemzika alichagua pango. Ukikuta mfupa au kigae shimoni, kiache mahali pake na uwaarifu Makumbusho. Vitu hivyo vinalindwa na sheria ya mwaka 2006.

Kuna samaki huko chini?

Katika mapango ya maji ya Somalia yupo samaki mdogo asiye na macho wala magamba, aliyezoea giza. Ndani ya mashimo ya huku utakuta zaidi vyura, kaa, popo na wadudu wa gizani.

Naweza kuingia ndani?

Bila mtu mwenye ujuzi na vifaa, usiingie. Mvua iliyonyesha vilimani inaweza kufika shimoni wakati juu yako pana jua. Kingo zake mara nyingi ni udongo uliotokeza juu ya uwazi, nao humeguka. Kaboni dayoksaidi ni nzito, hujikusanya chini, na mtu huanguka bila onyo. Taa au mshumaa unaoendelea kuwaka si uthibitisho kwamba hewa ni salama. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Watu wawili na watatu wamekufa katika visima kwa namna hiyo, mmoja akimwokoa mwingine. Na pampu ya petroli isiteremshwe shimoni wala kisimani hata kwa dakika tano, moshi wake unaua.

Popo nao waachwe. Pango la Kitum kwenye Mlima Elgon lilihusishwa na wagonjwa wa homa ya Marburg mwaka 1980 na 1987, na popo wala matunda ndio wanaobeba kirusi hicho. Usiwashike, usiwavuruge, usipumue vumbi la kinyesi chao.

Nimenunua ploti. Nitajuaje kwamba nyumba haitazama?

Tembea ploti yote mvua inaponyesha, uone maji yanaelekea wapi. Tafuta mbonyeo wa mviringo, miti iliyoinama kuelekea mahali pamoja, nyufa za duara ardhini, ukuta wa jirani uliopasuka. Waulize wazee kama kuna shimo lililofukiwa. Mara nyingi lipo na wanalikumbuka. Fundi achome nondo ndefu mahali pengi kabla ya msingi, na kwa jengo la ghorofa mwite mhandisi afanye vipimo.

Mashimo mengi ya ghafla husababishwa na maji tunayoyaelekeza sisi: bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagwa pembeni mwa ukuta, au kusukuma maji mengi ya kisima hadi uwazi wa chini ubaki bila kitu cha kuubeba. Mwaka 1981 huko Winter Park, Florida, ardhi ya namna hii ilifunguka shimo la upana wa karibu mita 100 na kumeza nyumba na magari. Malindi hatujengi juu ya udongo mzito kama wao, lakini maji ya paa yapeleke mbali na msingi hata hivyo.

Nimegundua shimo jipya. Nimwarifu nani?

Anza na mzee wa mtaa na chifu, ili watoto na mifugo wazuiwe siku hiyo hiyo. Kama kuna uchafuzi, ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa mambo ya visima na vibali, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo kwa Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo inayosimamia maji ya chini ya ardhi. Na kama eneo lenu lina chama cha watumiaji maji, pelekeni huko pia, kwa kuwa wao ndio wanaofahamu visima vyote vya jirani. Kukiwa na mifupa, vigae au kuta za kale, Makumbusho ya Malindi au Gede.

Unapoarifu, eleza mambo haya: mahali penyewe kwa alama zinazojulikana, upana kwa hatua, kama maji yanaingia na yanatoka upande gani, lilionekana lini, na visima vilivyo karibu ni vya nani. Piga picha ukiwa umesimama mbali, mtu mmoja awe pembeni ili ukubwa uonekane.